Falme Tatu Ndani ya Kiganja

Mwaka 215, ndani ya ngome ya Hefei, jemadari Zhang Liao alichinja ng'ombe usiku akawalisha watu 800 waliojitolea kutoka naye. Nje walikuwa wamepiga kambi askari wa Sun Quan, mtawala wa kusini, ambao kumbukumbu za China zinawataja kuwa laki moja. Kulipopambazuka Zhang Liao alivaa deraya, akatangulia mbele ya watu wake, akawavamia adui huku akilitaja jina lake kwa sauti. Aliua makamanda wawili na makumi ya askari, akapenya mpaka chini ya bendera ya Sun Quan mwenyewe. Bwana huyo ilimbidi apande juu ya kilima na kujikinga kwa silaha ndefu. Walipigana tangu asubuhi hadi adhuhuri, na siku kumi na kitu baadaye Sun Quan akavunja kambi, akaondoka.

Kisa hiki hakikutungwa na watu wa sinema. Kimo katika historia ya Falme Tatu, zama China ilipogawanyika baada ya enzi ya Han, iliyoandikwa na Chen Shou, aliyeishi karne hiyohiyo ya tatu na ambaye kwa kawaida ni bahili wa maneno. Yeyote aliyewahi kushika gemu za kampuni ya Koei atakitambua mara moja: mtu mmoja mwenye silaha kubwa, umati wa askari wasio na majina, na mkubwa wa adui aliyesimama mbali akingoja kufikiwa.

Koei ilianzishwa Japani mwaka 1978 na Yoichi Erikawa na mkewe Keiko. Mwaka 1985 ilitoa gemu ya kompyuta iitwayo Romance of the Three Kingdoms, ambayo ndani yake mchezaji hainui upanga hata mara moja. Yeye ni mtawala. Anapanga kodi, anahesabu nafaka, anatuma wajumbe, anangoja mavuno. Ilikuwa gemu ya watu wenye subira, na ilipata wapenzi wengi. Zaidi ya miaka kumi baadaye, kundi jipya la watengenezaji ndani ya kampuni hiyo, Omega Force, lilizichukua hadithi zilezile na kuzipeleka njia nyingine kabisa. Dynasty Warriors ya kwanza, ya mwaka 1997, ilikuwa ya kupigana mmoja kwa mmoja kwenye PlayStation, mfano wa gemu nyingi za wakati huo. Mageuzi yalikuja mwaka 2000, PlayStation 2 ilipotoka. Mchezaji aliwekwa katikati ya uwanja mpana, askari wa pande zote mbili wakimiminika kumzunguka, akaachwa akate njia. Pembeni mwa kioo kuna namba inayopanda kila adui anapoanguka, na ikifika mia au elfu, majemadari wenzake humsifu kwa maneno makubwa.

Ndiyo Zhang Liao wa Hefei, ila kila dakika.

Desemba 2004 Sony iliingiza sokoni Japani PSP, konsoli yake ya kwanza ya kubebwa mkononi, na kabla mwezi haujaisha Koei ilikuwa imeshaitolea Dynasty Warriors yake. Wamarekani waliipata mwaka uliofuata. Nia ilikuwa kwamba vurugu ile ya sebuleni, iliyozoea televisheni na kochi, iingie kwenye kioo cha inchi 4.3 anachokishika abiria wa treni kati ya nyumbani na kazini.

Haikuingia nzima. PSP ilikuwa na memori ya megabaiti 32, sawa na PlayStation 2, lakini usawa uliishia hapo. Prosesa yake ingeweza kufika megahezi 333, ila Sony ilikuwa imeifunga isivuke 222 ili betri isikaukie njiani. Gemu zilikaa kwenye diski ndogo ya UMD ya gigabaiti 1.8, ambayo ilisomwa polepole na kwa kelele za kusikika. Na kijiti cha kuelekezea kilikuwa kimoja, kwa hiyo kidole gumba kilichomkimbiza shujaa hakikuweza papo hapo kuzungusha macho yake. Uwanja mmoja wenye mito, malango, wapanda farasi na mamia ya watu ulikuwa mzigo usiobebeka.

Omega Force waliukata. Kila pambano linaanza kwenye ramani iliyogawanywa maeneo, na maeneo yakiunganishwa kwa njia. Shujaa anahama kutoka eneo moja hadi jingine; akiingia palipo na adui, kioo kinabadilika na vita vyenyewe vinaanza katika uwanja mdogo wa eneo hilo tu. Akishinda, eneo ni lake, na anarudi kwenye ramani kuchagua pa kwenda. Mchezaji wa bao angeizoea upesi kuliko kijana aliyekulia na gemu za kukimbia na kufyatua, kwa kuwa kila hatua inaacha mahali fulani patupu, na wa upande wa pili naye anasogeza kete zake.

Baadhi ya waandishi wa magazeti ya gemu wa Ulaya na Marekani walinung'unika. Walisema vita vimekatwakatwa, kusubiri diski isome kunachosha, na askari wanatokeza ghafla kutoka kwenye ukungu kana kwamba wameota ardhini. Malalamiko hayo yana haki yake, hasa lile la ukungu. Lakini kuna jambo ambalo huyo aliyezoea televisheni hakulipata na huyu wa kiganjani alilipata. Kwenye konsoli kubwa mchezaji hodari hupanda farasi, akaenda popote, akarekebisha kila kitu kwa upanga wake. Ramani ni pambo la kona ya kioo. Kwenye PSP ramani ndiyo vita. Kabla ya kuchomoa silaha lazima uamue njia, kila kuhama kunakula muda uliopewa, na wakati unajifurahisha kuwafyeka watu mia mahali pasipo na faida, kambi kuu ya bwana wako inazingirwa. Ukirudi umechelewa. Umeshindwa ukiwa hai, mwenye nguvu tele, na namba nzuri pembeni mwa kioo.

Hivyo ndivyo vita vya zama hizo vilivyokwenda, na ushahidi mzuri kuliko wote ni Guandu.

Mwaka 200, Yuan Shao, bwana wa kaskazini, aliteremka kuelekea Mto Manjano na jeshi lililokuwa kubwa mara kadhaa kuliko la mpinzani wake Cao Cao. Miezi ikapita pande zote zikichimba mahandaki, zikijenga minara ya kurushia mishale, zikitazamana. Chakula cha Cao Cao kilikuwa kinakwisha na mwenyewe alishafikiria kurudi nyuma. Kisha mshauri mmoja wa Yuan Shao, Xu You, akamkimbia bwana wake na kuja na siri: nafaka yote imewekwa mahali paitwapo Wuchao, chini ya ulinzi wa kamanda Chunyu Qiong. Cao Cao alichagua watu 5,000, wakabeba bendera za adui ili waulizwapo njiani wajibu kwamba wametumwa kuongeza ulinzi, wakaenda usiku na kulichoma ghala. Yuan Shao, badala ya kupeleka nguvu zote Wuchao, aliamuru kambi ya Cao Cao ishambuliwe. Majemadari aliowatuma waliposikia ghala limeteketea, wakajisalimisha. Jeshi kubwa kuliko yote China likasambaratika kwa sababu ya moto uliowaka mahali ambapo wengi wake hawakuwapo.

Katika mfululizo wa Dynasty Warriors, kulitwaa ghala la Wuchao huangusha ari ya upande wa Yuan Shao, na toleo la PSP kwa namna lilivyoundwa linamfanya mchezaji aifikie Wuchao kwa akili ileile ya Cao Cao: nani atabaki kulinda nyuma, njia ipi ni fupi, maeneo yapi yarukwe. Sidhani watengenezaji walikaa mezani na kusema waandike upya Guandu. Walikuwa wanapambana na memori. Matokeo yake yalikuwa vita vya njia, vivuko na maghala, ambavyo Cao Cao angevielewa.

Cao Cao hasa, kwa sababu yeye alikuwa mtu wa nafaka kabla ya kuwa mtu wa upanga. Mwaka 196, wakati mashamba ya kaskazini yalikuwa yamegeuka pori na majeshi mengine yakila chochote kilichopatikana, alianzisha mashamba ya serikali kuzunguka mji wa Xu, akawaweka wakimbizi kulima ardhi isiyo na mwenyewe na kuchukua sehemu ya mavuno. Mpango huo ulilisha vita vyake kwa miaka mingi. Gemu ya mwaka 1985 iliujua ukweli huu. Ile ya mwaka 2000 iliusahau, na ya kiganjani ikaukumbuka nusu, bila kukusudia.

Mengine yote ni raha ya hadithi, na hapo Koei haikumwibia mtu. Ilikuta kazi imeshafanywa. Riwaya maarufu ya Falme Tatu, inayohesabiwa kuwa ya Luo Guanzhong wa karne ya 14, iliandikwa zaidi ya miaka elfu baada ya matukio, juu ya visa vilivyokuwa vimesimuliwa masokoni na kuchezwa jukwaani kwa vizazi. Mwanazuoni mmoja wa karne ya 18, Zhang Xuecheng, aliipima akasema sehemu saba za kumi ni kweli na tatu ni za kubuni. Kwa msomaji wa Kiswahili hili si geni. Utendi wa Tambuka ulioandikwa Pate mwaka 1728 unarudi nyuma miaka elfu na zaidi, kwenye vita vya Waislamu na dola ya Herekali, na mashujaa wake wamekua kwa kila mdomo uliowapitisha. Kila jamii ina namna yake ya kumwongezea shujaa urefu.

Katika gemu, jemadari Guan Yu hubeba silaha ya mpini mrefu yenye kichwa kipana kama upanga uliopinda. Riwaya inaipa uzito wa jin 82, ambao hata kwa vipimo vyepesi vya enzi ya Han ni karibu kilo 18. Silaha za namna hiyo zilienea China karne nyingi baadaye. Za zama zake zilikuwa mikuki, panga zilizonyooka, na ile yenye ncha na ndoano ya pembeni iitwayo ji. Na askari wa kawaida aliogopa zaidi upinde wa mtambo, unaokokiwa na kufyatuliwa kwa kifyatulio, ambao mkulima aliyefundishwa wiki chache angeweza kumwangusha nao jemadari yeyote. Hata zile mbio za farasi zinatiliwa shaka: ushahidi wa rikabu mbili, za kulia na kushoto, unaonekana China karne ya nne, baada ya Falme Tatu kwisha. Aliyepigana juu ya farasi mwaka 200 alijishikilia kwa mapaja.

Lakini Guan Yu huyohuyo, mwaka 200, kwa mujibu wa Chen Shou, aliuona mwavuli wa gari la Yan Liang, jemadari wa Yuan Shao, katikati ya jeshi, akamchochea farasi, akamchoma mbele ya maelfu ya watu wake na kurudi na kichwa. Hakuna aliyeweza kumzuia. Ndiyo maana mtu asicheke upesi.

Vivyo hivyo kwa wanawake wa gemu hii. Diaochan, mrembo anayemgonganisha jemadari Lü Bu na mlezi wake Dong Zhuo, hayumo katika kumbukumbu. Kilichomo ni kwamba Lü Bu alikuwa na uhusiano na mtumishi mmoja wa nyumba ya Dong Zhuo, akaogopa kugunduliwa, na mwaka 192 akamuua bwana wake. Jina na uzuri vilikuja baadaye. Ila dada yake Sun Quan, aliyeolewa na Liu Bei, bwana wa Guan Yu, na ambaye gemu inamchora akipiga watu kwa pete za chuma, ana asili iliyoandikwa: vijakazi wake zaidi ya mia walisimama na panga mkononi, na Liu Bei kila alipoingia ndani kwa mkewe aliingia na hofu moyoni.

Pambano linalopendwa kuliko yote ni lile la Chibi, Miamba Myekundu, majira ya baridi ya mwaka 208. Cao Cao alikuwa ameshika karibu kaskazini yote na kushuka hadi Mto Yangzi. Waliompinga ni Sun Quan na Liu Bei kwa pamoja, na jeshi la Sun Quan, chini ya Zhou Yu, lilikuwa na watu wapatao 30,000. Huang Gai, mzee wa vita, aliona marikebu za adui zimefungamana kichwa kwa mkia. Akaandika barua ya kujisalimisha, akapakia mashua nyasi kavu na kuni zilizolowekwa mafuta, akazifunika kwa vitambaa, akazisukuma upande wa adui upepo ukivuma vizuri. Riwaya inamtaja Zhuge Liang, mshauri wa Liu Bei, akiuita upepo huo kwa dua juu ya jukwaa, na gemu inapenda sana sehemu hii: mchezaji hupewa kazi ya kumlinda mpaka upepo ugeuke. Chen Shou hana dua. Ana upepo, moto, na jambo moja zaidi, kwamba watu wa Cao Cao walikuwa wameshaanza kuugua kabla mashua ya kwanza haijawaka.

Magonjwa, njaa na kuhama ndivyo vilivyoua watu wengi zaidi. Sensa ya Han katikati ya karne ya pili iliandikisha watu kama milioni 56. Mwaka 280, enzi ya Jin ilipoiangusha Wu, dola ya akina Sun, na kuiunganisha China, walioandikishwa walikuwa milioni 16. Tofauti hiyo yote haikuzikwa. Wengi walikuwa wamejificha kwa wakubwa wenye ardhi au wamekimbilia ambako karani hafiki. Hata hivyo hakuna anayebisha kwamba maafa yalikuwa makubwa. Ndani ya gemu, hawa milioni ni wale askari wenye sura moja wanaotokeza kwenye ukungu, wakaanguka kwa kipigo kimoja, wakafifia. Namba inapanda. Ni burudani, na ukiichukulia kama burudani haina kosa, ila ni vizuri kujua namba ile inahesabu nini.

Baada ya 2004 Koei haikuacha kujaribu. Mwaka 2005 ilitoa Dynasty Warriors Advance kwa Game Boy Advance, mashine dhaifu zaidi, ambako ramani nayo ilikwenda kwa zamu na maadui kwenye kioo walikuwa wachache mno kuitwa jeshi. Mwaka 2006 likaja toleo la pili la PSP. Mwaka 2007 ikafuata ya Nintendo DS, ambayo haihitaji maneno mengi. Kisha mwaka 2009, mwaka uleule Koei ilipoungana na Tecmo, ikatoka Dynasty Warriors: Strikeforce. Wakati huo vijana wa Japani walikuwa wamevamiwa na Monster Hunter ya Capcom, gemu ya kuwinda majitu inayochezwa na watu wanne, kila mmoja na PSP yake, wameketi pamoja. Strikeforce ilifuata nyayo hizo waziwazi: kuna mji wa kurudia kati ya pambano na pambano, kuna vifaa vya kukusanya na kuboresha silaha, na mashujaa wanaruka hewani na kugeuka umbo kwa ghadhabu. Historia imebaki kwa majina tu. Kwa marafiki wanne ina raha kweli, na anayetafuta Falme Tatu ndani yake atachoka mapema.

PlayStation Vita ilipoingia sokoni Japani Desemba 2011, Dynasty Warriors Next ilikuwa miongoni mwa gemu zake za siku ya kwanza. Vijiti vilikuwa viwili, nguvu zilitosha, na uwanja ukarudi kuwa mmoja mpana kama wa sebuleni. Watengenezaji walibakiza kitu kimoja cha zamani: mkazo uliwekwa kwenye kuteka kambi za adui moja baada ya nyingine, badala ya kuua tu. Hata hivyo ramani ya maeneo na muda unaokwisha, ile iliyozaliwa kwa shida mwaka 2004, haikurudi na makali yake.

Anayeitaka gemu hiyo ya mwaka 2004 leo atalazimika kuitafuta mkononi mwa mtu, kwani PSP iliacha kutengenezwa mwaka 2014 na betri zake za zamani hufura. Diski za gemu za PSP hazikufungiwa eneo, kwa hiyo nakala ya Kijapani itacheza kwenye PSP iliyonunuliwa popote. Kikwazo ni maandishi: jumbe za vitani ndizo zinazosema nani ameanguka na kambi ipi inazingirwa, na asiyeweza kuzisoma atabaki akifyeka watu kwenye kona wakati bwana wake anazidiwa.